Injini ya Gari Huzunguka Upande Gani, na kwa Nini?

Lori la dizeli lenye shehena kamili linapanda mlima mkali, kama ule wa Kitonga katika mkoa wa Iringa au ule wa Sekenke katika mkoa wa Singida. Dereva amechelewa kupunguza gia. Injini inakoroma, inatetemeka, kisha inazimika. Kabla mguu haujafika kwenye breki, lori linaanza kurudi nyuma huku gia ya kwanza ikiwa bado imeingia na klachi imeachiwa. Sasa magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ghafla injini inawaka tena. Dereva anashukuru na kukanyaga mafuta ili aendelee kupanda. Lakini lori, badala ya kupanda, linazidi kuteremka kinyumenyume. Moshi unatoka mahali pa kuingizia hewa, na mshale wa kipimo cha oili umelala kwenye sifuri.

Jambo hili si uchawi, wala si hadithi ya madereva barazani. Limekwisha kutokea kwa injini za dizeli za aina ya zamani, na laweza kutokea tena popote injini za aina hiyo zinapotumika. Chanzo chake ni kimoja tu: injini imewaka ikizunguka upande usio wake. Ili kuelewa kwa nini kosa hilo ni la hatari, ni lazima kwanza kujua injini huzunguka upande gani, nani aliyeuchagua upande huo, na ni vitu gani ndani ya gari vinavyoutegemea.

KISAA NA KINYUMESAA

Mzunguko unaofuata akrabu za saa huitwa mzunguko wa kisaa. Ule wa kinyume chake huitwa kinyumesaa. Maneno haya mawili hayatoshi peke yake. Mwalimu achukue baiskeli, aigeuze juu chini, kisha azungushe gurudumu la mbele. Mwanafunzi mmoja asimame upande wa kulia wa baiskeli na mwingine upande wa kushoto, na kila mmoja aseme gurudumu linakwenda upande gani. Mmoja atasema kisaa, mwingine kinyumesaa, na wote wawili watakuwa wamesema kweli. Mzunguko ni mmoja. Kilichobadilika ni mahali pa kutazamia.

Kwa sababu hiyo, mtu anayetaja upande wa mzunguko wa injini hana budi kutaja pia amesimama wapi. Injini ina ncha mbili. Ncha moja ina puli inayoendesha mkanda wa feni na jenereta. Ncha ya pili ina flaiwili, yaani gurudumu zito linaloufanya mwendo uwe sawasawa, na hapo ndipo nguvu inapotoka kwenda kwenye klachi na giaboksi. Injini nyingi za magari, zikitazamwa kutoka upande wa puli, huzunguka kisaa. Zikitazamwa kutoka upande wa flaiwili huonekana zikizunguka kinyumesaa. Wahandisi wa Ujerumani walizoea kutazama kutoka upande wa puli, na wale wa Marekani kutoka upande wa flaiwili. Ndiyo maana vitabu viwili vya ufundi vinaweza kuonekana vikipingana hali vinaeleza injini ya namna moja. Katika somo hili mtazamo utakuwa wa upande wa puli, isipokuwa pale itakapoelezwa vingine.

MKONO WA BINADAMU NA DESTURI YA VIWANDA

Hakuna kanuni ya maumbile inayoilazimisha injini kuzunguka kisaa. Petroli huwaka vizuri vilevile upande wowote. Uchaguzi ulifanywa na watu, na sababu inayotajwa zaidi ni mkono wa mtu.

Magari ya mwanzo hayakuwa na stata ya umeme. Mtu alisimama mbele ya gari akiwa ameielekea injini, akaingiza hendeli ya chuma katika ncha ya krenkishafti, yaani mhimili wenye mapindo unaozungushwa na pistoni, kisha akazungusha kwa nguvu. Watu wengi hutumia mkono wa kulia, na wengi wao huona kuzungusha kisaa ni kwepesi zaidi, kama mtu anavyokaza skrubu. Desturi hii ilidumu kwa miaka mingi. Land Rover za zamani zilikuwa na tundu la hendeli kwenye bampa la mbele. Hapa Afrika Mashariki msaidizi wa dereva wa lori aliitwa taniboi, na wengi hulieleza jina hilo kuwa limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya kijana wa kuzungusha.

Kazi hiyo ilikuwa na hatari yake. Ikiwa cheche ilitokea mapema mno, kabla pistoni haijafika juu kabisa, gesi ilisukuma pistoni irudi ilikotoka, na hendeli ikarudi kinyumesaa kwa kishindo. Mikono mingi ilivunjika namna hiyo. Kwa hiyo watu walifundishwa kuivuta hendeli kutoka chini kwenda juu, wala si kuisukuma kutoka juu kwenda chini. Anayevuta, hendeli ikirudi humponyoka vidoleni; anayesukuma hupigwa kiganjani, na uzito wa mwili wake wote uko juu ya kifundo cha mkono. Dole gumba nalo liliwekwa upande mmoja na vidole vingine, lisiizunguke hendeli, ili mkono uweze kufunguka mara moja.

Hata meno ya hendeli yalitengenezwa kwa kuufuata upande huo. Kila jino lilikuwa na uso mmoja uliosimama wima na mwingine uliolala kama mteremko. Uso wima ulisukuma krenkishafti kisaa. Injini ilipowaka na kuuzidi mkono kwa kasi, mteremko uliisukuma hendeli nje ikaachana na injini. Kama injini ingewaka kinyumesaa, uso wima ungeendelea kuishika hendeli, nayo ingezungushwa kama rungu mbele ya mtu aliyesimama pale.

Mwaka 1912 magari ya Cadillac yalianza kuuzwa yakiwa na stata ya umeme iliyobuniwa na Mmarekani Charles Kettering. Polepole hendeli ikaachwa. Sababu ya kwanza ilitoweka, lakini upande wa mzunguko ulibaki. Kufikia wakati huo viwanda vilikwisha kutengeneza stata, pampu, jenereta na giaboksi kwa kufuata desturi hiyo, na kuigeuza kungekuwa gharama pasipo faida. Mara nyingi katika ufundi jambo huanza kwa hiari, kisha huwa sheria kwa sababu vitu vingine vingi vimejengwa juu yake.

KUTOKA INJINI HADI GURUDUMU

Injini ya gari ina kazi moja kubwa, nayo ni kuzungusha magurudumu upande unaotakiwa. Kati ya injini na gurudumu kuna gia, na gia zina kanuni rahisi. Gia mbili zinazoumana huzunguka pande zilizo kinyume. Ukiongeza gia ya tatu, ya kwanza na ya tatu huzunguka upande mmoja. Kwa hiyo idadi ya maumano ikiwa shufwa, yaani mbili au nne, upande wa mwisho ni sawa na wa mwanzo. Ikiwa witiri, yaani moja au tatu, upande hugeuka. Gia ya kurudi nyuma hufanya kazi kwa kanuni hii hii: huongezwa gia moja katikati, na mzunguko unageuka.

Mikanda nayo ina kanuni yake. Mkanda uliofungwa wazi huzungusha puli mbili upande mmoja; mkanda uliokatizana kama tarakimu 8 huzigeuza zikaenda kinyume. Wenye mashine za kusaga nafaka wanaijua hila hii tangu zamani. Ndugu Wilbur na Orville Wright waliitumia katika ndege yao ya mwaka 1903: injini moja iliendesha panga boi mbili kwa minyororo, na mnyororo mmoja ulikatizwa ili panga boi moja izunguke kinyume cha nyingine na ndege isivutwe upande mmoja.

Kwa kanuni ya maumano, mwanafunzi anaweza kufumbua kitendawili ambacho kimewasumbua mafundi wengi. Magari mengi madogo ya leo huendeshwa na magurudumu ya mbele, na injini yake imelazwa kukingama gari, si kuelekea mbele. Katika Toyota Corolla za namna hiyo, puli iko upande wa kulia wa gari. Mtu akisimama upande huo wa kulia, injini huzunguka kisaa. Na gurudumu la gari linalokwenda mbele, likitazamwa kutoka upande huo huo, nalo huzunguka kisaa. Krenkishafti na magurudumu vinakwenda upande mmoja. Kati yao kuna maumano mawili: moja ndani ya giaboksi, jingine kwenye gia kubwa ya mwisho. Mbili ni shufwa, na hesabu imekubali.

Sasa zitazamwe Honda nyingi za miaka ya 1980 na 1990. Injini zake zilizunguka kinyumesaa zikitazamwa kutoka upande wa puli, na fundi aliyezoea magari mengine aliona jambo hilo kuwa ajabu. Lakini katika Honda hizo puli ilikuwa upande wa kushoto wa gari. Kutoka kushoto, gurudumu la gari linalokwenda mbele huonekana likizunguka kinyumesaa. Kwa hiyo hapa pia krenkishafti na magurudumu vilikwenda upande mmoja, na maumano mawili yalitosha. Injini za mfululizo wa K, zilizoanza kutolewa na Honda mwaka 2001, ziliwekwa puli upande wa kulia, nazo zikazunguka kisaa kama za wengine. Mtazamaji wa puli peke yake huona kinyume. Mtazamaji wa gari zima huona kwamba kanuni ni ile ile.

Volkswagen ya zamani, ile yenye umbo la kobe, yatoa mfano wa tatu. Injini yake iko nyuma ya gari, na puli iko mwisho kabisa, karibu na bampa la nyuma. Ikitazamwa kutoka kwenye puli huzunguka kisaa kama kawaida. Lakini mtazamaji amesimama nyuma ya gari, hali mtazamaji wa Land Rover husimama mbele. Basi, kwa gari zima, krenkishafti za magari hayo mawili zinazunguka pande zilizo kinyume. Tofauti hiyo husawazishwa kwenye difu: gia kubwa ya difu huwekwa upande mmoja au mwingine wa gia ndogo inayoizungusha. Mafundi waliojenga magari madogo ya mashindano kwa kuchukua injini na giaboksi ya Volkswagen na kuigeuza mbele nyuma walijikuta na gari lenye gia nne za kurudi nyuma na moja tu ya kwenda mbele, mpaka walipoihamisha gia kubwa ya difu upande wa pili.

NDANI YA INJINI: KILA KITU KINA UPANDE WAKE

Upande wa mzunguko ukishachaguliwa, kila kipande cha injini hutengenezwa kuutii. Ifuatayo ni mifano minne.

Wa kwanza ni pistoni. Gesi inapowaka husukuma pistoni chini, lakini konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krenkishafti, haisimami wima; imeinama kuufuata mzunguko. Kwa hiyo pistoni hukandamizwa ukutani upande mmoja wa silinda. Ukubwa wa kani hiyo waweza kukokotolewa. Tuseme nusu kipenyo cha mzunguko wa krenki ni milimita 40, na konrodi ina urefu wa milimita 140. Krenki ikiwa imezunguka nyuzi 90 kutoka juu, saini ya pembe ya kuinama kwa konrodi ni 40 ikigawanywa kwa 140, yaani 0.286, pembe yenyewe ni karibu nyuzi 16.6, na tanjenti yake ni karibu 0.30. Ikiwa gesi inasukuma pistoni chini kwa kani ya niutoni 5,000, ukuta wa silinda unasukumwa kwa kani ya niutoni 1,500 hivi. Kwa injini iliyosimama wima na kuzunguka kisaa, mtu anayeitazama kutoka upande wa puli ataukuta ukuta huo upande wa mkono wake wa kushoto. Hapo ndipo silinda hulika zaidi. Ili kupunguza kugonga, watengenezaji wengi husogeza kidogo pini ya pistoni kutoka katikati kuelekea upande huo, kisha huchora mshale juu ya pistoni kuonyesha mbele ya injini. Fundi anayeupuuza mshale huo huifanya injini igonge.

Wa pili ni cheni au mkanda wa taimingi, unaozungusha kamshafti ili valvu zifunguke kwa wakati wake. Krenkishafti huuvuta upande mmoja wa cheni ukakaza. Upande wa pili hubaki umelegea, na hapo ndipo huwekwa kikazio. Fundi akiizungusha injini kinyume ili kutafuta alama, mvutano huhamia upande wa kikazio. Kikazio kinachotegemea shinikizo la oili, hali injini imezimwa, chaweza kukubali kusukumwa. Cheni huruka jino moja au mawili, na katika injini nyingi valvu hugongana na pistoni mara tu gari linapowashwa. Ndiyo maana mafundi waangalifu husema: injini izungushwe kwa mkono upande wake tu, ukiipita alama, zunguka tena mpaka uifikie.

Wa tatu ni njia ya kuzuia oili isivuje. Katika Volkswagen iliyotajwa, shingo ya puli imechongwa mfuo kama wa skrubu. Krenkishafti inapozunguka upande wake, mfuo huo huirudisha oili ndani ya injini daima. Ikizungushwa kinyume, mfuo ule ule ungeitoa oili nje.

Wa nne, nao ndio mkubwa kuliko yote, ni pampu ya oili. Pampu nyingi zina gia mbili zinazobeba oili kati ya meno yake kutoka upande wa kuvuta kwenda upande wa kusukuma. Zikigeuzwa, pande hizo mbili hubadilishana kazi: oili huvutwa kutoka kwenye beringi na kurudishwa chini kwenye karita. Inafaa kulinganisha na mashine nyingine mbili. Feni ya panga ikigeuzwa, upepo nao hugeuka. Pampu ya maji ya gari, inayorusha maji kwa kuyazungusha kutoka katikati kwenda pembeni, ikigeuzwa huendelea kuyatoa kwenye mlango ule ule, ila kwa unyonge. Maji hurushwa nje na mzunguko wowote. Oili ya pampu ya gia hufuata meno. Kwa hiyo injini iliyogeuzwa haikosi maji mara moja, bali hukosa oili mara moja.

INJINI NAYO HUSUKUMWA

Kanuni ya tatu ya Newton yasema kwamba kila kani hujibiwa na kani iliyo sawa nayo na kinyume chake. Injini inapozungusha krenkishafti upande mmoja, mwili wa injini husukumwa upande wa pili.

Jaribio hili laweza kufanywa kwa gari ambalo injini yake imeelekea mbele, kama Land Rover au lori dogo. Gari lisimamishwe mahali tambarare, breki ya mkono ikiwa imevutwa, magurudumu yamewekewa mawe na gia haimo. Boneti lifunguliwe, na wanafunzi wasimame kando, mbali na feni na mikanda. Dereva aongeze mafuta ghafla, kisha aachie. Injini itaonekana ikiinama upande wa kulia wa gari, halafu ikirudi. Kuinama huko peke yake kunatosha kumwambia mwanafunzi kwamba krenkishafti, ambayo haioni, inazunguka kisaa ikitazamwa kutoka mbele.

Gari likiwa katika gia ya kwanza, kani hii huongezeka. Injini ikitoa niutoni-mita 200, na gia ya kwanza ikizidisha mara 4, mwili wa injini na giaboksi hujibiwa kwa niutoni-mita 800. Ikiwa vishikizo viwili vya mpira, ambavyo mafundi huviita mauntini, vimeachana kwa nusu mita, cha kushoto huvutwa juu kwa niutoni 1,600, na cha kulia hukandamizwa kwa kiasi hicho hicho. Mpira hustahimili kukandamizwa kuliko kuvutwa. Kwa hiyo mauntini ya kushoto ndiyo ya kutazamwa kwanza.

INJINI ZINAZOKUBALI KUGEUZWA

Isidhaniwe kwamba kila injini hudhurika kwa kugeuzwa. Injini ya mvuke ya gari moshi au meli hugeuzwa kwa wenzo mmoja tu. Meli kubwa nyingi za mizigo huendeshwa na injini za dizeli za mapigo mawili zilizounganishwa na rafadha moja kwa moja, pasipo giaboksi. Nahodha akitaka kurudi nyuma, injini husimamishwa, wakati wa kunyunyiza mafuta hubadilishwa, kisha hewa iliyoshindiliwa huianzisha upande wa pili. Injini hizo haziharibiki kwa sababu zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Hata pampu zake za oili huendeshwa na mota za umeme zilizo peke yake, zisizojua krenkishafti inakwenda wapi. Gari dogo la Messerschmitt KR200, lililotengenezwa Ujerumani tangu mwaka 1955 hadi 1964, halikuwa na gia ya kurudi nyuma. Dereva aliizima injini yake ya mapigo mawili, akaiwasha upande wa pili, na gia zote nne zikawa za kurudi nyuma.

Basi hatari haimo katika mzunguko wa kinyume wenyewe. Imo katika kuigeuza mashine ambayo kila kipande chake kimetengenezwa kwa kuutarajia upande mmoja.

KURUDI MLIMANI

Sasa lori la mwanzo laweza kueleweka. Magurudumu yalipoizungusha injini kinyume, mapigo manne yalifuatana nyumanyuma. Pistoni iliposhuka, valvu iliyokuwa wazi ni ile ya kutolea moshi. Hewa ikavutwa kupitia ekzosi. Ilipopanda kwa pigo la mwisho, iliyokuwa wazi ni valvu ya kuingizia. Moshi ukatokea kwenye kichujio cha hewa.

Injini ya petroli yenye kabureta ingekufa hapo. Petroli huchanganywa na hewa kwenye njia ya kuingizia, na hewa inayotoka ekzosi haina petroli. Dizeli ni tofauti: mafuta hunyunyizwa ndani ya silinda yenyewe, na huwashwa na joto la hewa iliyoshindiliwa. Hewa ikishindiliwa vya kutosha, haijalishi imeingilia mlango upi. Ikiwa pampu ya mafuta ni ya aina inayoweza kusukuma mafuta hata ikizunguka kinyume, injini huwaka, ingawa kwa kugonga na moshi mwingi, kwa kuwa wakati wa kunyunyiza haulingani tena. Baadhi ya pampu zimebuniwa zisitoe mafuta zikigeuzwa, na injini za kisasa zinazoongozwa na kompyuta husubiri ishara za krenkishafti na kamshafti zifuatane kwa utaratibu wake kabla ya kutoa mafuta.

Injini ikiwa imegeuka, gia zote hugeuka nayo. Gia ya kwanza inakuwa ya kurudi nyuma, na gia ya kurudi nyuma inakuwa ya kwenda mbele. Dereva anayeongeza mafuta ili apande analisukuma lori bondeni. Wakati huo beringi zinazunguka pasipo oili, na moshi wa moto unapulizwa ndani ya kichujio cha karatasi, ambacho chaweza kushika moto.

Dawa ya kwanza ni kuzuia. Injini ikizimika mlimani, klachi na breki zikanyagwe pamoja na mara moja. Breki ya mkono ivutwe, na utingo aweke jiwe au gogo nyuma ya magurudumu. Lori lisiachwe lirudi nyuma hata hatua moja likiwa ndani ya gia. Ikiwa injini imekwisha kugeuka, mguu utoke kwenye mafuta, klachi na breki zikanyagwe, na mafuta yakatwe kwa kifaa cha kuzimia. Injini ikikataa kuzimika, breki zishikiliwe kwa nguvu, iingizwe gia ya juu kabisa, na klachi iachiwe ili injini ikwame. Kuziba mlango wa kuingizia hewa, ambako husaidia katika ajali nyingine za dizeli, hapa hakufai kitu, maana injini inavuta hewa kwa ekzosi. Injini ikishazimika, oili na kichujio vikaguliwe, ndipo iwashwe tena kwa stata. Kwa kuwa stata, kama mkono wa taniboi wa zamani, inajua upande mmoja tu.

MASWALI NA MAZOEZI

1. Injini ya lori imeelekea mbele, na puli iko mbele. Dereva, aliyekaa nyuma ya injini hiyo, angeiona krenkishafti ikizunguka upande gani?

2. Giaboksi ina maumano matatu kati ya krenkishafti na magurudumu katika gia fulani. Ikiwa gia nyingine zote zina maumano mawili, gia hiyo ni ya kazi gani?

3. Kokotoa kani inayokandamiza ukuta wa silinda ikiwa konrodi ya mfano uliotolewa ingekuwa na urefu wa milimita 200 badala ya 140. Je, konrodi ndefu ina faida gani?

4. Gari lenye injini iliyoelekea mbele linarudi nyuma kwa nguvu kupanda mteremko, likiwa katika gia ya kurudi nyuma. Eleza ni mauntini ipi inayovutwa juu sasa, na kwa nini.

5. Fundi amefunga mkanda wa pampu ya maji vibaya, hata pampu inazunguka kinyume. Injini haichemshi maji inapozunguka polepole, lakini huchemsha gari linapopanda mlima. Eleza sababu.